Alteneta kubwa kwa gari ya matangazo: ampea za kibandikoni na za kwenye foleni

Hapa Unguja gari ya matangazo inatambaa kutoka Michenzani mpaka Mwanakwerekwe, spika juu, amplifaya ndani, mchana kutwa haivuki gia ya pili. Alteneta yake, yaani mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili ichaji betri na kulisha umeme wa gari, ni ile ya kiwandani, ya ampea 80 hivi, iliyokusudiwa taa, kiyoyozi na redio. Kila besi ikipiga, taa za dashibodi zinafifia. Fundi anasema tia ya ampea 200.

Ana hoja. Amplifaya inayokula wati 1,000 huvuta ampea zaidi ya 70; ukijumlisha taa na kiyoyozi alteneta haitoshi, na pengo lote linabebwa na betri. Betri inayoshushwa kila siku haidumu, na bei yake sote tunaijua.

Ila hiyo 200 ya kwenye kibandiko kwa kawaida hupimwa alteneta ikizunguka kama mara 6,000 kwa dakika. Gari ikiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye foleni ya Darajani, huenda usipate hata nusu yake, na joto likipanda inapungua tena. Nyengine, hasa za bei poa, kwa mzunguko huo mdogo hutoa kidogo kuliko ile uliyoing'oa! Ndiyo maana mimi ningeuliza kwanza inatoa ngapi kwenye sailensi. Muuzaji asiyejua aniwekee mita tuone.

Na mzigo haubebwi bure. Ampea 200 kwa volti 14 ni wati 2,800. Ukijumlisha unaopotea kuwa joto, mkanda unabeba kama nguvu farasi 6. Mkanda mwembamba utapiga kelele, na waya wa zamani wa kwendea betri utaungua usipobadilishwa.

Noah ya kupeleka wageni Paje ni habari nyengine kabisa. Hiyo taa zikififia, mimi nashuku ethi, yaani waya unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, kabla ya alteneta, maana hewa ya chumvi huku kwetu inatafuna vichwa vya waya mpaka vinaota ukungu wa kijani. Washa taa na kiyoyozi, gusisha mita kwenye hasi ya betri na kwenye chuma cha injini. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, badilisha waya wa ethi, kazi ya pesa ndogo.

Gari ya matangazo, sawa, ipewe kubwa, pamoja na waya mnene. Lakini kama kazi yake ni kuegeshwa uwanjani saa nzima spika zikipiga, jenereta ndogo ya petroli itaihudumia vizuri zaidi kuliko alteneta yoyote.