Mama Mkwe na Themostati

Kama unamiliki Subaru ya zamani hapa Dar es Salaam, unajua kwamba fundi hahitaji kufungua boneti ili akupe majibu. Anaiangalia kwa mbali, anatema mate pembeni, anasema: "Gasketi hiyo." Ipate pancha, gasketi. Isahaulike taa usiku kucha na betri ife, gasketi.

Yangu ni Forester ya tabo, yaani yenye kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada, SG5, toleo lililoanza 2002, injini ya lita 2. Ukiikanyaga unasikia ule mluzi, unasahau kodi ya nyumba. Ugonjwa wake ulikuwa na adabu zake: kwenye foleni ya Buguruni mshale wa joto umetulia katikati kama hakuna kitu, ila ukianza kupandisha kwenda Kisarawe na tabo ikaanza kusukuma, mshale unanyanyuka, na ukisimama unasikia chupa ya akiba inabubujika. Nilikuwa nimeipeleka gereji moja wakanisafishia rejeta, wakachukua hela yao, na gari ikarudi inachemsha zaidi ya ilivyokwenda. Halafu ndipo wakasema gasketi.

Sasa gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda, kwenye injini ile si kazi ya kuombea mtu. Silinda zake nne zimelala, mbili kushoto mbili kulia, kwa hiyo ina vichwa viwili na gasketi mbili, na mafundi wengi huishusha injini nzima ndipo wafungue. Kwa bei niliyotajiwa ningepata Vitz ya mtu mwenye shida. Nikasema hapana, kabla ya kushusha injini tunapima vitu vya bei ndogo kwanza, na tunapimia nyumbani.

Jumamosi hiyo Mama Zuhura alikuwa kwenye kichen pati Kigamboni. Nikabaki na shemeji, mdogo wake, ambaye ana cheti cha umeme wa majumbani, na kwa maoni yake cheti ni cheti.

Tukamwaga maji kwenye beseni. Maji yenyewe ni kulanti, ile ya kijani ya kupoza injini, ina utamu fulani na ni sumu, na jirani ana mabata yasiyojua mipaka, basi beseni nikalifunika kwa bati na kuweka tofali juu. Themostati, kile kilango kinachojifungua maji yakipata joto ili yapite kwenda kupozwa, kwenye injini hii iko chini kabisa, kwenye mlango wa pampu ya maji, imefungwa na boliti mbili za spana namba 10, yaani ile spana ambayo kila seti duniani imeshaipoteza. Tukaazima. Nikalala chini, nikafungua, na kulanti iliyobaki ikanishukia kwenye mkono wa shati hadi kwapani.

Themostati ya gari hii inatakiwa ianze kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80 na iwe wazi kabisa ikifika 91. Kuipima ni rahisi: unaichemsha. Shemeji akaleta multimita yake yenye waya wa kupimia joto, mimi nikatafuta sufuria. Themostati haitakiwi kugusa kitako cha sufuria, kwa sababu pale chini pana joto kuliko maji yenyewe na kipimo kitakudanganya. Kwa hiyo tuliifunga uzi, na uzi uliopatikana ulikuwa mwekundu, tukauning'iniza kwenye mwiko uliolazwa juu ya sufuria. Kile kichuma kikawa kinaelea katikati ya maji, kinazunguka polepole. Tukafunga dirisha upepo usizime gesi, tukainama pande zote mbili za jiko, mikono ina grisi nyeusi hadi kwenye viwiko.

"Sabini na mbili," shemeji akasoma.

"Bado imefumba."

"Sabini na tano."

"Tulia. Usipumue."

"Sabini na nane."

"Inafumbua jicho! Inafumbua!"

Nyuma yetu kitu kikaanguka. Yalikuwa machungwa, yanabiringika sakafuni, na mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe, ametoka Muheza na basi la asubuhi bila kumwambia mtu, kikapu kimelala kwenye miguu yake. Alikuwa amepiga hodi, hatukusikia. Alikuwa amepita uani, akaona beseni lililofunikwa kwa bati na tofali, akafunua kidogo, akaona maji ya kijani.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Mzee wa Tanga asipoitikia shikamoo ujue kuna kesi.

"Baba Zuhura," akasema taratibu, macho yake yako kwenye uzi mwekundu. "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko Kigamboni mama, atarudi jioni."

"Nimempigia. Hapokei."

Shemeji akaona ni wakati wake wa kuokoa hali. "Mama, usiogope. Tunaangalia tu kama imekufa."

"Nani amekufa?"

"Hajafa, ndiyo anafunguka."

"Audhubillahi!" Mama mkwe akarudi nyuma hadi ukumbini, tasbihi mkononi, akaanza kupiga simu upya. Nikamfuata kumweleza, lakini mtu mwenye mikono ile akikufuata ukumbini huwezi kusikia maelezo yake. Aliketi kwenye kochi la karibu na mlango, pochi kifuani. Shemeji alibaki jikoni anaendelea kusoma namba kwa sauti, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, kipimo hakikatizwi katikati.

Mama Zuhura alipokea muziki ulipotulia. Nikasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Wanachemsha kitu... Kina jicho... Ndiyo, na uzi... Na mdogo wako yumo." Kisha kimya kirefu, kisha mama akanikabidhi simu.

"Baba Zuhura, nimemwambia mama ni kifaa cha gari."

"Ahsante sana, mke wangu."

"Umetumia sufuria gani?"

Nikatazama jikoni. Nikamwambia mtandao unakatika. Mpaka leo ninashikilia kwamba ule mfuniko wa kioo ulikuwa na ufa tangu Idi, na maji safi ya bomba na kipande cha chuma havijawahi kuharibu sufuria ya mtu.

Themostati ilikuwa nzima. Tukairudisha na mpira wake mpya, tukaanza kazi ya pili: kujaza maji na kutoa hewa. Hapa ndipo gari za tabo za aina hii huwatesa watu. Mbali na rejeta zina tangi dogo la kujazia, liko juu kuliko kila kitu, na maji yanayopoza tabo yanapita huko. Hewa ikibaki ndani, maji hayazunguki vizuri, hata injini iwe na afya gani. Unaipandisha gari pua juu, unaweka mawe nyuma ya matairi, unajaza polepole, unaiwasha ikiwa ya baridi, na unafungulia hita hadi mwisho ili hata ule mzunguko wa ndani utoe hewa yake. Hita. Dar es Salaam. Saa saba mchana.

Nilikuwa nimezama kwenye injini, boneti imeniziba nisione ndani. Sikujua kwamba mama mkwe, akiwa bado hataki kukaa nyumba moja na lile jiko, ameona gari inaunguruma na vioo vimepandishwa, akasema moyoni heri nikakae kwenye kiyoyozi. Akaingia, akafunga mlango. Vioo nilivifungia kwenye kitufe cha dereva kwa ajili ya Zuhura, na mlango ule wa nyuma una kufuli la watoto.

Honi ya Subaru ukiwa umeinamia juu yake ina sauti ya meli. Niliruka, kisogo kikagonga boneti, mkono ukasomba vifuniko vyote viwili nilivyokuwa nimevipanga pembeni, vikabiringika chini ya gari. Ndani nikaona mkono wa mama umepenya katikati ya viti, umekandamiza usukani.

Nikamfungulia. Alitoka analowa, kilemba mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusema kitu. Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, shemeji akampepea kwa kipande cha boksi. Kifuniko kimoja kilikuwa kimesimama mguuni pake. Akakiokota, akaokota na cha pili, akavaa miwani.

"Hivi vya nini?"

"Kimoja cha rejeta mama, kingine cha tangi."

"Kipi cha nani? Namba zake hazifanani."

Nikavichukua. Kimoja 108, kingine 137. Hicho ni kipimo cha presha, na kwenye gari hii kile cha namba kubwa kinakaa kwenye rejeta, kile cha namba ndogo kinakaa kwenye tangi la juu, ili presha ikizidi pafunguke kule juu kwanza, hewa ilipo. Changu cha 108 kilikuwa na doa la rangi nyekundu, na asubuhi ile nilikuwa nimekifungua kutoka kwenye rejeta. Gereji iliyosafisha rejeta ilikuwa imevibadilisha. Kila nikipanda kilima, rejeta inafunguka kabla ya wakati, maji yanakimbia, hewa inabaki juu imejistarehesha.

Tulivirudisha kila kimoja mahali pake. Jioni tukapanda hadi Kisarawe, mama mbele, vioo chini, mshale umelala katikati njia nzima. Kurudi akaniambia nikanyage kidogo asikie huo mluzi.

Jumapili asubuhi jirani wa mabata alikuja na Mark II yake, mvuke unatoka. Nikatoka na spana namba 10.

"Shikamoo kaka," akasema, anachungulia nyuma yangu. "Mama yupo?"