The Punisher: Tumelitazama Fuvu, Hatukuviona Viti

Msimu wa kwanza wa tamthilia ya The Punisher, uliotoka Netflix tarehe 17 Novemba 2017, unaisha kwa mtu aliyekaa kitini. Frank Castle, askari wa zamani wa kikosi cha Marine ambaye kwa sehemu kumi na tatu ameua watu wengi kuliko mtazamaji anavyoweza kuhesabu, ameketi katika duara la viti pamoja na wanajeshi wenzake wa zamani, na zamu yake inapofika anakiri kwamba hana tena vita vya kupigana na kwamba anaogopa. Hapigwi mtu risasi wala hapigwi muziki wa ushindi. Tangu hapo waliojadili tamthilia hii wamejadili zaidi fuvu jeupe lililochorwa kifuani mwa Castle, na ni nadra kumsikia mtu akivitaja viti vile.

Shutuma zinazotolewa dhidi ya tamthilia hii si za kupuuzwa. Wanaozitoa wanasema kwamba katika nchi ambayo bunduki hununuliwa kwa urahisi, kumfanya shujaa mtu anayejichukulia sheria mkononi ni kumwaga petroli penye moto. Tena kwamba kumpa shujaa huyo, pamoja na adui zake, historia ya jeshi ni kumfanya kila aliyerudi kutoka vitani aonekane bomu linalosubiri kulipuka. Kalenda nayo iliwapa nguvu. Tarehe 1 Oktoba 2017 mtu mmoja aliumiminia risasi umati uliokuwa kwenye tamasha la muziki mjini Las Vegas, na siku chache baadaye waandaaji wakafuta kikao chao cha kuitangaza tamthilia katika maonyesho ya katuni ya New York Comic Con. Tarehe 5 Novemba, siku kumi na mbili kabla ya tamthilia kutoka, zaidi ya watu ishirini waliuawa kanisani huko Sutherland Springs, Texas, na aliyewaua alikuwa amewahi kutumikia jeshi la anga. Muuaji wa Las Vegas hakuwahi kuwa mwanajeshi, lakini katika wiki kama hizo watu hawachambui nani alivaa sare na nani hakuvaa. Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya ziada ya kushtuka, kwa kuwa kwetu maneno "kujichukulia sheria mkononi" hayamleti akilini shujaa mwenye koti jeusi, bali kibaka aliyevishwa tairi, pamoja na ile sentensi ya magazetini kuhusu "wananchi wenye hasira kali".

Kuhusu fuvu, wakosoaji wana haki kubwa zaidi. Castle alibuniwa na Gerry Conway akishirikiana na wachoraji John Romita Sr. na Ross Andru, akatokea kwa mara ya kwanza katika toleo la 129 la katuni ya The Amazing Spider-Man, Februari 1974, akiwa mpinzani wa shujaa. Miaka mingi baadaye nembo yake ilichukuliwa na wanajeshi wa Marekani waliokuwa Iraki, kikiwemo kikosi cha mdunguaji Chris Kyle, kisha ikahamia kwa polisi. Mwaka 2017 polisi wa mji mdogo wa Catlettsburg, Kentucky, waliibandika kwenye magari yao, wakaibandua baada ya malalamiko. Tarehe 6 Januari 2021 ilionekana tena kwa baadhi ya watu waliovamia jengo la Bunge mjini Washington. Conway mwenyewe amepinga jambo hili hadharani, akieleza kwamba mhusika wake anawakilisha kushindwa kwa mfumo wa haki na kwamba polisi hawana sababu ya kuvaa alama ya mhalifu. Haya yote ni kweli. Hata hivyo, fuvu hilo lina umri wa miaka arobaini na mitatu zaidi ya tamthilia, na tamthilia inafunguka kwa kumwonyesha Castle akiitupa motoni fulana yake yenye fuvu. Kuihukumu kwa nembo ambayo inaanza kwa kuichoma ni kuikatisha maneno kabla haijasema kitu.

Baada ya kuichoma, Castle anaishi kwa jina la Pete Castiglione na kufanya kibarua cha kubomoa kuta kwa nyundo kubwa. Wenzake wakienda kula yeye anaendelea kubomoa. Steve Lightfoot, aliyeiandaa tamthilia hii, na Jon Bernthal, anayemwigiza Castle, wanatumia muda mrefu kutuonyesha mtu huyu akipiga ukuta, akioga, akilala, akiota ndoto zile zile, akiamka na kurudi kwenye ukuta. Mtazamaji aliyekuja kutafuta mapigano huchoka hapa, na najua watu walioacha kutazama katika sehemu ya pili. Lakini uchovu huo ndio hoja. Mtu aliyefundishwa kazi moja kwa ustadi wa hali ya juu, akaifanya kwa amri ya serikali yake, kisha akarudishwa uraiani bila kufundishwa namna ya kuiacha, anafanya nini kila siku saa nane mchana?

Tamthilia inalijibu swali hilo kwa kuwapa watu wanne majibu manne, na Castle si anayenivutia zaidi kati yao. Billy Russo, rafiki yake wa vitani, ameifanya vita kuwa biashara: ana kampuni ya ulinzi iitwayo Anvil, suti za bei na nywele zisizotikisika. Curtis Hoyle, aliyekuwa tabibu wa kikosini na sasa anatembea kwa mguu wa bandia, ndiye anayepanga vile viti na kuwasikiliza wenzake. Lewis Wilson, kijana aliyerudi karibuni, usiku mmoja anazinduka kutoka kwenye jinamizi na kukaribia kumuua baba yake kwa risasi. Kesho yake anachimba handaki nyuma ya nyumba na kuhamia humo, kwa sababu ni mahali pekee ambapo mwili wake unakubali kulala. Castle ni wa nne, na jibu lake tunalijua.

Nimekaa sana na lile handaki. Ni shimo la kawaida katika uwanja wa nyumba ya kawaida, na baba mtu amesimama ukingoni hajui aseme nini. Wakosoaji wanakumbuka kwamba Lewis anaishia kuwa mtega mabomu, na ni kweli anaishia hivyo. Ila wanaruka njia iliyomfikisha huko, ambayo waandishi wameieleza kwa subira. Lewis anaomba kazi Anvil, kwa kuwa vita ndiyo kazi aijuayo, na anakataliwa baada ya Curtis kumwonya Russo kwamba kijana bado hajapona. Onyo lile lilikuwa sahihi kitabibu, na lilimfungia Lewis mlango wa mwisho aliokuwa akiutazama. Katika duara la viti anampata mzee aitwaye O'Connor, anayejitapa kwa nishani na vita vya Vietnam na kumjaza chuki dhidi ya serikali, kisha inagundulika kwamba mzee huyo ni mwongo na hakuwa Vietnam kabisa. Lewis anamuua. Curtis anapokwenda kumsaidia, anapigwa na kufungwa kwenye bomu na kijana yule yule. Sijaona tamthilia nyingine ya mashujaa wa katuni iliyo tayari kuonyesha kwamba mtu mwema, anayefanya jambo sahihi kwa utaratibu sahihi, bado anaweza kumpoteza anayemsaidia.

Hapa inafaa tuigeukie namba ambayo kila Mmarekani anayezungumzia wanajeshi wa zamani huitaja: 22. Katika ripoti yake ya mwaka 2012 idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wanajeshi wa zamani ilikadiria kwamba wanajeshi wa zamani 22 hujiua kila siku. Namba hiyo ikawa wimbo. Mwaka 2016 watu walijirekodi wakipiga pushapu 22 na kusambaza video mitandaoni. Asili yake ilikuwa dhaifu kuliko sauti yake, kwa sababu ilitokana na vyeti vya vifo vya majimbo 21 tu, na California na Texas, majimbo yenye wanajeshi wa zamani wengi mno, hayakuwemo. Hesabu pana zaidi iliyotolewa mwaka 2016 ilitoa wastani wa watu 20 kwa siku kwa mwaka 2014, na kwa mwaka 2021 idara hiyo ilihesabu watu 6,392, yaani kati ya 17 na 18 kwa siku. Kushuka kwa namba kusitupumbaze, kwani wanajeshi wa zamani wenyewe wanapungua idadi mwaka hadi mwaka.

Kinachonisumbua zaidi kimo ndani ya namba hiyo. Wengi wa wanaojiua si kina Lewis. Katika takwimu za mwaka 2014, takriban thuluthi mbili walikuwa na umri wa miaka 50 au zaidi: watu wa Vietnam, watu wa miaka ya vita baridi, wengine waliotumikia wakati wa amani tupu. Tena, kati ya wale 20 wa kila siku, 14 hawakuwa wametumia huduma za afya za idara hiyo karibuni. Na mwaka 2021, zaidi ya asilimia 70 walijiua kwa bunduki. Ukiziweka pamoja takwimu hizi tatu, unampata mzee nyumbani kwake, asiyekwenda kliniki, mwenye bunduki kabatini. Huyo hamlipui mtu. Hatajwi kwenye habari. Na anayeweza kumfikia, ikiwa yupo wa kumfikia, ni mtu kama Curtis, asiye na ofisi wala fomu za kujaza, mwenye ukumbi wa kuazima na birika la kahawa.

Kwa hiyo tamthilia ilipoliweka duara la viti katikati ya hadithi iligusa jambo ambalo takwimu zinalithibitisha, na hilo ndilo naliona halijapewa haki yake. Lakini takwimu hizo hizo zinaishtaki pia, kwa shtaka zito kuliko lile la fuvu. Katika hadithi yote, mzee pekee wa Vietnam tunayemjua kwa karibu ni O'Connor, na O'Connor ni mwongo. Castle wa katuni za miaka ya 1970 alikuwa mtu wa Vietnam. Angekuwa hai leo angekuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, yaani yumo ndani ya kundi lile linalokufa kimyakimya. Tamthilia ilimhamishia Afghanistan ili aendane na wakati, jambo linaloeleweka, kisha nafasi ya yule mzee ikampa tapeli. Sidhani kama ilikusudiwa. Ni matokeo ya kudhani kwamba vita ni jambo la vijana, dhana ambayo Wamarekani waliopiga pushapu 22 kwa ajili ya kina Lewis walikuwa nayo vilevile.

Upungufu mwingine naupitia haraka. Mjadala wa bunduki, unaoletwa na seneta anayetaka zidhibitiwe, umeandikwa kwa woga, kana kwamba waandishi walipania kutomkera yeyote, na seneta mwenyewe anaishia kuonekana mwoga. Wanawake waliotumikia jeshi karibu hawapo katika duara. Mapigano yamepangwa kwa uzuri unaofuta somo lake. Huwezi kumwambia mtazamaji kwamba kuua kunamla muuaji huku ukimfanya ashangilie kila mfupa unaovunjika. Mwenye kusema kwamba picha hizo ndizo zinazobaki kichwani, na siyo viti, ana hoja, na mimi mwenyewe nikiulizwa usiku wa manane nitakumbuka kwanza damu.

Msimu wa pili, uliotoka tarehe 18 Januari 2019, ulifanya kazi ya wakosoaji iwe nyepesi. Russo, uso umejaa makovu na kumbukumbu zimepotea, anawakusanya wanajeshi wa zamani waliokosa kazi na heshima na kuwafanya genge la majambazi. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, kwa sababu genge hilo ni lile lile duara la Curtis lililogeuzwa nje ndani: watu wale wale, upweke ule ule, ila kiongozi anawapa silaha badala ya kahawa. Waandishi hawakulifuata. Watu wale wakabaki vivuli vya kupigwa risasi, na wakati mwingi ukatumika kwa hadithi nyingine ya msichana anayewindwa, ambayo haina uhusiano na vita wala waliorudi kutoka vitani.

Netflix iliifuta tamthilia tarehe 18 Februari 2019, mwezi mmoja tu baadaye. Bernthal alirudi mwaka 2025 katika tamthilia nyingine, Daredevil: Born Again, ambamo Castle anakabiliana na askari polisi waliolifanya fuvu lake kuwa alama yao, na anawaonyesha dharau waziwazi. Jambo hilo nililipokea kwa furaha nusu. Waandishi wamewajibu waliobandika fuvu kwenye magari, na jibu lilistahili, lakini mazungumzo yamerudi kwenye fuvu. Kuhusu waliokuwa wakikaa kwenye vile viti, neno la mwisho la tamthilia yenyewe ni lile la mwisho wa msimu wa pili: Castle amesimama mbele ya wahalifu, bunduki mkono wa kulia na bunduki mkono wa kushoto, anafyatua, picha inakatika.