Spea za mifumo ya upepo wa kompresa: kusubiri oriji au kuchukua mbadala wa leo?

Silinda ya mashine ya kufungasha ikianza kuvuja, kiwandani huzuka ubishi uleule. Upande mmoja unataka spea ya mtengenezaji mwenyewe, kwa namba ileile iliyo kwenye kibao, hata kama itakaa wiki kadhaa kati ya usafiri na forodha. Upande wa pili unasema mtu aende Gerezani, Dar es Salaam, au Industrial Area kwa walio Nairobi, jioni arudi na nyingine. Wote wana hoja, ila wanazungumzia spea kana kwamba zote ni kitu kimoja.

Kwenye silinda, wanaotaka mbadala wana nguvu zaidi. Kiwango cha ISO 15552 kimepanga vipimo vya ufungaji kwa vipenyo vya milimita 32 hadi 320. Silinda ya kipenyo cha 63 iliyotengenezwa kwa kiwango hicho, iwe ya Festo, SMC au Airtac, matundu yake ya boli yameachana milimita 56.5 na ncha ya rodi ina hesi ya M16x1.5. Hapo kulipia jina ni hiari. Mtego ni silinda za mtindo wa SC, za bei nafuu na zilizojaa madukani: kwa macho ni zilezile, lakini hazifuati ISO 15552, na boli hazikutani, hasa kwenye vipenyo vikubwa. Kwa silinda ya 100 ISO inataka milimita 89 kati ya matundu, kwa hiyo nenda dukani na venia kalipa. Uliza pia kama pistoni ina sumaku. Isipokuwa nayo, sensa ya ubavuni haisomi kitu. Silinda itakwenda na kurudi vizuri kabisa huku mashine imesimama ikisubiri taarifa.

Kwenye vali, zinazoelekeza upepo uende upande upi wa silinda, mambo yanageuka. Zikiondolewa zile zinazofuata kiwango cha pamoja, yaani za NAMUR na zinazokaa kwenye besi za ISO kama 5599, kila kampuni ina umbo lake, na vali zilizopangwa pamoja kwenye manifoldi (bloku moja inayozigawia upepo) hazibadilishani. Oriji inashinda, na si kwa sababu ya umbo tu. Vali ya 5/2 (matundu matano, mikao miwili) yenye koili moja ya umeme na springi hurudi yenyewe umeme ukikatika. Ya koili mbili hubaki pale ilipokuwa. Fundi akifunga ya pili mahali pa ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyopatikana, akaiunga na koili ya pili ili iweze kurudi, mashine itafanya kazi hadi siku umeme utakapokatika, na kibanio kilichopaswa kuachia hakitaachia. Hapa hakuna cha kubishania: subiri.

Koili ndiyo inayokula pesa bure kuliko zote. Ya volti 220 AC huvuta mkondo mkubwa mpaka kile kichuma cha ndani kinapopanda hadi mwisho. Kikikwama kwa kutu au oili iliyoganda, mkondo haushuki, na koili inaungua. Ukibadilisha koili bila kusafisha kichuma, mpya nayo itaungua, na lawama zitaangukia dukani: "wameuza feki." Ya volti 24 DC haina tabia hiyo.

Fitingi ni ndogo ila huharibu vitu vikubwa, hasa kwenye mashine za mtumba kutoka Marekani, ambazo hesi zake ni za kiwango cha Marekani, NPT, wakati fitingi nyingi za hapa ni za aina ya G au R. Kwa robo inchi, NPT ina meno 18 kwa inchi na G ina 19, hivyo fitingi inakaza mapema na fundi anashtuka. Kwa nusu inchi zote zina meno 14. Inaingia, inakaza, halafu inavuja, kwa kuwa pembe ya jino ni nyuzi 60 kwa NPT na 55 kwa G. Kuongeza tepu nyeupe na nguvu ya spana kwenye bodi ya alumini ni kuipasua na kununua vali mpya.

Kuhusu ushauri, muuzaji anajua kilichopo rafuni, mtengenezaji anajua kilichoandikwa kwenye katalogi, na hakuna kati yao aliyeiona mashine. Kwa hiyo pima kabla ya kuuliza. Kama upepo unavuja kwenye tundu la kutolea la vali ya 5/2, chanzo chaweza kuwa vali au sili za pistoni (mipira inayozuia upepo usipite). Acha rodi ikiwa imetoka yote, zuia mashine isiweze kusogea, kisha funga upepo na uumwage. Chomoa hosi ya mbele ya silinda, zibe mwisho wake kwa plagi, na urudishe upepo upande wa nyuma. Ukitoka kwenye tundu la silinda, sili za pistoni zimekwisha. Tundu likiwa kavu na vali ikaendelea kupumua, kasoro iko ndani ya vali.

Kama ni sili, kuna njia ya tatu ambayo wabishi huisahau: kiti ya sili, yaani seti ya sili mpya. Ina maana pale tu ukucha ukipita ndani ya bomba la silinda bila kukwama kwenye mkwaruzo. Silinda ndogo za mviringo za ISO 6432, za milimita 8 hadi 25, nyingi zimebanwa kiwandani na hazifunguki, nunua nzima. Na kama silinda iko karibu na oveni, taja joto unapoagiza: sili za kawaida za mpira wa NBR huishia takriban nyuzi 80, zaidi ya hapo omba za FKM, mpira unaostahimili joto.