Umeambiwa yin na yang zote zimepungua? Muulize kipi kilianza

Kuna jibu moja limekuwa rahisi mno kwenye kliniki za tiba ya Kichina na kwa kweli linanikera. Mtu anaingia, anasema jamani nachoka, usingizi hakuna, nikipitiwa kidogo naamka nimelowa jasho, miguu ya baridi, mambo ya chumbani ndo usiseme. Anashikwa mkono kupimwa mapigo, anaambiwa toa ulimi, haya rudisha, halafu: "una upungufu wa yin na yang, vyote viwili." Maboksi kwenye mfuko, kwaheri. Na mgonjwa anatoka ameridhika kabisa maana kila alichokisema kimepata pa kukaa, joto limepelekwa kwa yin, baridi imepelekwa kwa yang, sasa abishe nini?

Siipondi tiba yenyewe, naipenda na nimekuwa nikiifuatilia muda mrefu. Na ugonjwa huo kwenye vitabu vyao upo, wa zamani tu, una dalili zake. Ninachosema ni kwamba ndo moja ya majibu magumu zaidi kuyafikia kwenye tiba ile nzima, halafu watu wanaligawa kama panadol.

Kwa kifupi kwa ambao hawajui. Yin ndo upande wa majimaji, ubaridi, utulivu, kile kinacholainisha na kulisha mwili. Yang ni joto, mwendo, nguvu ya kufanya kazi. Watu wa pwani hapa hawapati shida sana, bibi zetu wanakuambia chakula hiki cha baridi kile cha moto bila kufungua kitabu. Yin ikipungua peke yake, joto linabaki halina wa kulishika: viganja, nyayo na kifua vinawaka, mashavu yanaiva mchana ukielekea jioni, koo linakauka usiku, jasho linatoka ukiwa umelala na linakata ukiamka. Ulimi mwekundu, mwembamba, utando kidogo au haupo kabisa, mapigo membamba ya haraka. Yang ikipungua peke yake ni kinyume: baridi hata wenzako wakiwa na feni, uso umepauka, mkojo mwingi mweupe, choo laini, jasho linatoka mchana bila sababu, ulimi mpana uliopauka una alama za meno pembeni, mapigo yako chini chini, taratibu, dhaifu.

Sasa hebu viweke pamoja. Ulimi utakuwa mwekundu au umepauka? Mapigo ya haraka au ya taratibu? Mtu mmoja hawezi kuwa na vyote kwa wakati mmoja, na hapo ndipo daktari wa haraka haraka anapokimbia kwa sababu anajumlisha malalamiko tu, mawili ya huku na mawili ya kule, tayari. Mwili haujumlishi hivyo. Upungufu wa pande zote mbili una sura yake: ulimi umepauka lakini mkavu, au una wekundu kidogo halafu mwenyewe anasikia baridi. Mapigo ni membamba, dhaifu, na ukitafuta pale kinapokaa kidole cha tatu cha daktari, mbali zaidi na kiganja cha mgonjwa, ambapo wanasoma figo, inabidi ubonyeze mpaka karibu na mfupa ndo uyakute, mkono wa kushoto na wa kulia. Na huyo mtu havumilii joto wala baridi. Saa nane usiku katupa shuka kule jasho linamtiririka, kidogo tu anatafuta soksi. Hiyo ya kutovumilia pande zote ndo dalili ninayoiamini kuliko nyingine, maana inaonyesha mwili hauna tena akiba ya kujirekebisha.

Lakini hata hiyo haitoshi kama hujauliza kilianza nini. Kwa mujibu wa tiba hii yin na yang vinategemeana, kimoja kikikaa muda mrefu kimepungua kinamvuta mwenzake, kwa hiyo kwa mgonjwa wa muda mrefu karibu kila mara kuna aliyetangulia kuanguka. Chukua mfano wa ugonjwa wa sukari. Zhang Zhongjing, tabibu wa enzi ya Han, karibu miaka 1,800 iliyopita, ameandika habari za mwanaume mwenye kiu ambaye anakunywa maji kibao na anakojoa kiasi kile kile alichokunywa, akampa dawa inayoitwa Shen Qi Wan. Madaktari wa leo wa tiba hiyo wanaeleza sukari hivyo hivyo kwa hatua: mwanzo kiu, joto, ukavu, yin inaliwa taratibu, miaka inapita nguvu zinaisha, mwisho yang nayo inafuata na ndo unaona miguu imevimba, nyayo za baridi, usiku mtu anaenda chooni mpaka anachoka. Ukimkuta mwishoni pale bila kuuliza ya nyuma utaona baridi tu, utampasha moto, na kile kidogo cha yin kilichobaki utakikausha. Mwingine kaja na njia tofauti kabisa, tumbo la kuharisha miaka, baridi miaka, ndo juzi juzi kaanza kukauka mdomo na kuwaka viganja. Leo hii ukiwapanga hao wawili wanafanana. Historia zao hazifanani hata kidogo, na dawa haitakiwi kufanana.

Angalia hiyo Shen Qi Wan ilivyopangwa, mimi huwa inanifurahisha. Mzizi wa di huang, ambao unalisha yin, sehemu 8. Vingine vitano sehemu 3 au 4 kila kimoja. Halafu vya moto, mdalasini sehemu 1 na fuzi, mzizi mwingine wa moto, sehemu 1. Basi! Dawa inayosifika kwa kuinua yang ya figo na kile cha moto ndani yake ni kiduchu vile. Baadaye enzi ya Song akaja Qian Yi, daktari wa watoto, akaona watoto joto wanalo la kutosha, akatoa vile viwili vya moto vikabaki sita, ndo hiyo Liu Wei Di Huang Wan unayoiona madukani mpaka leo. Na Zhang Jingyue wa enzi ya Ming akaandika kwamba anayetaka kuinua yang aitafute ndani ya yin. Yaani hawa watu walikuwa wanapima uwiano, hawakuwa wanamwaga "ya kupasha" na "ya kupooza" kwenye kikombe kimoja nusu kwa nusu. Hata miaka ya 1950 pale Shanghai walipotengeneza Er Xian Tang kwa ajili ya wanawake waliofikia kukoma hedhi, wale wa joto la ghafla juu na miguu ya barafu chini, waliweka mimea minne ya kupasha na kulisha, na miwili ya kupooza. Kila kimoja kipo kwa sababu.

Halafu kuna wanaofanana na huyu mgonjwa ila siye. Wa kwanza ni mtu wa stresi. Vidole vya baridi, usingizi hamna, moyo unaenda mbio, kachoka. Mguse tumbo na mikono juu ya kiwiko: joto la kawaida kabisa, baridi imeishia vidoleni, na mapigo yamekaza kama waya wa gitaa. Huyo nguvu anayo, imekwama tu, na ukimpa dawa za kujaza unamzidishia foleni. Wa pili ni mtu mzito, kachoka, jasho la kunata, mdomo mchungu, ulimi una utando wa njano unaoteleza. Chipsi kila usiku, soda, bia za wikendi. Huyo amejaa, hajapungukiwa, na kwa mtazamo wangu ndo wanaopewa jibu hili kimakosa kuliko wote kwa sababu neno "kuchoka" linasikika kama kuishiwa.

Na huo ulimi wenyewe jamani. Mtu katoka kula ubuyu wa rangi, ulimi mwekundu kama kapaka lipstiki ya sherehe, unaandika yin imeisha? Mwingine kaukwangua na mswaki asubuhi, utando utautoa wapi? Kahawa nayo inaupaka rangi. Aliyepanda ngazi sasa hivi mapigo yatakwenda haraka tu, mwache akae kwanza. Ndo maana hawa wanaosema nitumie picha ya ulimi WhatsApp nikupe majibu mimi huwa nawaangalia tu.

Sasa la muhimu kuliko yote na hapa sibembelezi mtu. Jasho la usiku, kupungua uzito, homa za jioni na kukohoa, kwa Afrika Mashariki hilo ni swali la TB kwanza kabla halijawa swali la yin. Tanzania kipimo cha makohozi hospitali za serikali ni bure, nenda. Baridi isiyoisha, uchovu, ngozi kavu, kunenepa bila sababu: pima tezi ya shingo. Kiu na mkojo: pima sukari. Kupauka na moyo kwenda mbio: pima wingi wa damu. Vipimo hivyo haviingilii tiba ya Kichina hata kidogo, hospitali za tiba ya jadi kule China kwenyewe zina maabara na mashine za picha na daktari anasoma majibu ya damu na ulimi kwenye meza moja. Huyu wa mtaani anayekukataza kwenda hospitali sijui kajifunzia wapi.

Pia ile fuzi. Ni mzizi wenye sumu kabisa, sumu ya moyo, lazima uandaliwe na uchemshwe muda mrefu ndo utumike. Ukimeza kitu ukasikia midomo na ulimi vinakufa ganzi, moyo unaruka ruka, usisubiri mtu akuambie yang ndo inapanda hiyo, kimbia emajensi na boksi mkononi. Na hata kama siyo sumu, uwiano ukiwa mbaya utaujua ndani ya siku chache tu: vidonda mdomoni, usingizi umekata kabisa, choo kigumu. Rudi na hilo boksi kwa aliyekupa, mwambie akusomee kimoja kimoja kilichomo, kipi cha kupasha, kipi cha kulisha, na kwa nini kwako ameanza na hicho.