Kubonyeza Hakuachi Nyayo

Kijana akiniambia ameshatoa nakala ya programu kwenye konsoli, ule ukurasa wa kubonyeza wa kusimamia seva, huwa namuuliza: ulibonyeza wapi, na lini? Hakumbuki. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi Ijumaa moja Nakuru.

Nilikuwa nimetoka Kisumu na matatu ya alfajiri, nikapitia Kericho, kwenda kuweka toleo jipya la mfumo wa mikopo kwa sacco moja. Seva yao ilikuwa WebSphere ya IBM, inayoendesha programu za Java. Saa moja jioni nikaondoa toleo la zamani, nikaweka jipya, likagoma. Si neno, nikajiambia, faili ya EAR ya lile la zamani ninayo, ile waliyotuma waandishi wa programu. Nikairudisha. Nayo ikagoma.

EAR ni furushi tu, kama zip, lenye programu nzima ndani. Lakini siku ya kuiweka kwenye seva kuna maswali ya kujibu: sehemu hii isome hifadhidata gani, kwa jina lipi la JNDI (jina ambalo programu huitafutia hifadhidata ndani ya seva), na jukumu lile wapewe watumiaji wa kundi gani. Majibu hayo hayaingii kwenye faili iliyo mkononi mwa waandishi. Yanabaki ndani ya seva, na mimi nilikuwa nimeyafuta kwa mkono wangu. Aliyeyajibu mara ya kwanza alishaacha kazi, na simu yake haikupatikana. Nilikesha nikibahatisha majina, bawabu akinimiminia chai ya chupa, mpaka Jumamosi asubuhi wanachama wakaanza kupanga foleni mlangoni.

Laiti ningeitoa kwenye seva kabla ya kuiondoa! Programu ikitolewa humo, hutoka na majibu yake.

"Si uitoe kwa konsoli, ni kubonyeza mara tatu tu," mkubwa wangu wa zamani alipenda kusema. Kwa programu moja, sawa, mzee. Pale zilikuwa kumi na moja. Ukifika ya saba usiku, stima imepotea mara mbili, utaruka moja na hutajua umeruka ipi. Skripti yangu, yaani amri nilizoandika kwenye faili badala ya kubonyeza, ina mistari minane. Inaita AdminApp.list ipate majina yote, kisha kwa kila jina inaita AdminApp.export na kuiambia faili iwekwe wapi, tarehe ikiwa kwenye jina la faili. Naiendesha kwa wsadmin.sh, chombo cha WebSphere cha kupokea amri za maandishi, na cron, ratiba ya kazi za kompyuta, huiamsha saa nane usiku nikiwa nimelala. Taja -lang jython, tafadhali, hiyo ndiyo lugha ya skripti yangu, la sivyo wsadmin itadhani unaongea Jacl, lugha nyingine, na itakugombeza kwa mambo usiyoyafanya.

Tena skripti husomeka. Atakayekuja baada yangu ataifungua aone nilichofanya, hata kama simu yangu haipatikani.

Ila EAR haibebi kila kitu. Maelezo ya kuunganisha hifadhidata, paswadi zake, kiasi cha kumbukumbu ambacho JVM, mashine ya Java inayoendesha programu, imepewa: hivyo ni vya seva, si vya programu, na vinahitaji backupConfig, amri ya kunakili mipangilio ya seva. Hiyo nayo ina mtego wake. Usipoiandikia -nostop, huzima seva kwanza ndipo ianze kunakili. Hilo nililijua saa nne asubuhi, siku ya kazi, na simu ya kaunta ndiyo iliyonifahamisha.

Mwezi uliopita nilimwachia skripti mwanafunzi wa atachimenti hapa Kisumu. Baada ya wiki nikamuuliza kama nakala zinatoka.

"Zinatoka kila usiku, sir. Zote kumi na nne."

"Unaziweka wapi?"

"Kwa hiyo seva tu, sir."

Nikampa pesa aende Oginga Odinga Street akanunue diski ya nje.