Virutubisho Kigoma: muuza dawa anajua nusu ipi?

Ukikaa nusu saa kwenye benchi la duka la dawa pale Mwanga, Kigoma mjini, utalisikia neno "dokta" mara nyingi kuliko wodini. Anayeitwa hivyo anaweza kuwa mfamasia, fundi dawa sanifu, au binti aliyesomea uuguzi msaidizi kisha akapitia mafunzo ya wiki chache ya kutoa dawa. Mteja hatofautishi. Jioni niliyokaa mimi, aliingia mama mwenye mtoto mgongoni.

"Dokta, nipe ile ya damu. Huyu amekuwa mweupe."

"Ana miezi mingapi, mama?"

"Kumi na minne."

Ikashushwa chupa ya sirapu ya madini ya chuma, yakatolewa maelekezo ya kijiko asubuhi na jioni, hela ikalipwa, wakaagana. Haikuchukua dakika tatu.

Hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo. Zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, kwa hiyo jicho la mama halikukosea sana. Muuzaji naye anajua kwamba chuma hutengeneza damu, na kipimo alichotaja kiliendana na umri. Ukimpa mtihani wa vitamini ipi inatibu nini, atafaulu. Ndiyo maana lawama ya kila siku kwamba wauza dawa "hawajui virutubisho" naiona ya haraka mno. Wanajua nusu, ile inayoandikwa kwenye kopo. Nusu nyingine inamhusu mtu aliyesimama mbele yao, nayo haiandikwi popote.

Mfano mkubwa wa nusu hiyo ulitoka hapahapa nchini, Pemba. Watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waligawanywa katika makundi, wengine wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine dawa isiyo na kitu ndani. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006 yaliwashtua wengi: waliopewa chuma walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati. Lakini katika kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu, likapimwa na kutibiwa malaria, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma na damu walinufaika. Maana yake chuma si sumu. Kilimfaa aliyepungukiwa nacho na kikamwelemea asiyekihitaji, pale malaria ilipokuwa haijashughulikiwa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka utoaji wa chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria uende sambamba na kuikinga, kuipima na kuitibu.

Kigoma ni eneo la malaria, hilo halina mjadala. Weupe wa yule mtoto ungeweza kuwa malaria yenyewe inayokula damu, au minyoo, au lishe. Maswali mawili yangetosha: alipata homa lini, na amepimwa? Hayakuulizwa.

Wapo wanaosema dawa ya tatizo hili ni rahisi: virutubisho viondolewe kwenye maduka ya dawa, au viuzwe kwa cheti cha daktari tu. Hoja yao ina uzito. Muuza dawa anaishi kwa faida, na kopo la virutubisho lina faida nono kuliko panadol. Anayemfundisha habari za kopo hilo mara nyingi ni wakala aliyelileta, mwenye vipeperushi vya rangi. Sehemu kubwa ya bidhaa hizi hutoka nje, mojawapo ya nchi hizo ikiwa Marekani, ambako sheria ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha kwamba kirutubisho kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Akikinadi kwamba kinasaidia mwili, sheria hiyohiyo humtaka aandike kwenye lebo kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Maandishi hayo huwa madogo na ya Kiingereza. Mdomo wa wakala ni mkubwa na wa Kiswahili, nao unatibu presha, kisukari, viungo na nguvu za kiume kwa mkupuo mmoja.

Usimamizi nao una mshono. Tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula ulihamia TBS, shirika la viwango, na iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Kopo likijiita chakula lina mlango wake, likijiita dawa lina mwingine, likiwa la mitishamba linaweza kugusa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwenye rafu yanakaa bega kwa bega, na mteja anaona yote ni dawa kwa kuwa yako duka la dawa.

Hata hivyo siwezi kuwa upande wa wanaotaka rafu isafishwe, na sababu yangu ni asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kuzuia mgongo wazi. Mtoto huzaliwa na mgongo wazi pale mrija wa neva unaposhindwa kufunga, na mrija huo hufunga ndani ya takriban siku 28 tangu mimba kutungwa. Kwa wengi, siku hizo hupita kabla hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Anapofika kliniki na kupewa fefo, vidonge vya chuma na foliki, dirisha la kinga hii limeshafungwa. Nani humwona mapema? Muuza dawa. Ndiye anayemuuzia kipimo cha mimba, na wakati mwingine ndiye anayeambiwa, kwa sauti ya chini, kwamba miezi sita sasa "tunatafuta mtoto". Ukimnyima huyu muuzaji virutubisho, umemfungia mlango mtu pekee aliyekuwa karibu.

Ila hapohapo ndipo penye mtego. Kiwango kinachoshauriwa kwa mwanamke wa kawaida ni mikrogramu 400. Kidonge kinachopatikana kwa wepesi dukani ni cha miligramu 5, zaidi ya mara 12 ya hicho, na kipo kwa haki kabisa kwa sababu wagonjwa wa selimundu wanakitumia. Mimba ikifika miezi minne au mitano, mwanamke huyo anapewa SP kliniki kumkinga na malaria. SP hufanya kazi kwa kumzuia kimelea kujitengenezea foleti, vitamini ya jamii ileile ya foliki. Foliki ya miligramu 5 kwa siku inaweza kumrudishia kimelea kile alichonyimwa, na kinga ikapungua nguvu. Kidonge kilekile, duka lilelile: kwa mgonjwa wa selimundu ni sahihi, kwa mjamzito anayemeza SP ni tatizo, na rangi yake haibadiliki.

Orodha ya migongano ya namna hii si ndefu kiasi cha kumtisha mtu. Anayetumia TLD, dawa ya kufubaza VVU, asimeze chuma wala kalsiamu pamoja nayo tumbo likiwa tupu. Ama avimeze vyote na chakula, ama TLD itangulie kwa saa mbili au ifuate baada ya saa sita. Doksi, ile antibiotiki, nayo haipatani na chuma tumboni. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A iliyokamilika, ambayo ikizidi mwanzoni mwa ujauzito humdhuru mtoto. (Mawese hayana hatari hiyo, kwa sababu mwili huibadili karotini yake kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji. Mji unaokaangia mawese mekundu na kula dagaa pamoja na mifupa yake unauziwa vitamini A na kalsiamu za kopo. Hilo nalo linanichekesha.)

Wauzaji wanajitetea kwamba mteja huja ameshaamua, na ukimhoji sana anavuka barabara kwenda duka la pili. Ni kweli, nimeliona. Pia mfamasia mwenye miaka minne ya chuo na mmoja wa mazoezi si lazima awe ndiye aliyesimama kaunta. Cheti kipo ukutani, mwenyewe yuko kwingine. Ila zinki inanizuia kukata tamaa. Nayo ni kirutubisho, na kwenye duka la dawa muhimu utaelezwa bila kusita: ORS, na zinki kidonge kimoja kwa siku, siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Wauzaji walifundishwa zinki kama sehemu ya tiba, yenye masharti. Chuma na foliki viliachwa vijifundishe vyenyewe kupitia lebo.

Nilimuuliza yule dokta wa Mwanga, baada ya wateja kupungua, kama mama aliyenunua foliki anaulizwa yuko mwezi wa ngapi. Akafikiri. "Namuuliza anataka vingapi," akasema, kisha akacheka, halafu akaacha kucheka.