Kabla hamjaiamini ile klipu

Najua mmeshaiona, ile ya mimi ukumbini kwenye sendofu. Rafiki yangu (namwita rafiki kwa kukosa neno jingine) ameitupia stetasi na kuandika kwamba nililia, kisha nikajificha chini ya meza. Sikulia. Chini ya meza nilifuata paja la kuku lililodondoka.

Sasa nisikilizeni mwenye msiba.

Studio yangu mnaijua: chumba cha kulala, laptopu, maiki, na godoro la Mama nimelisimamisha ukutani liue mwangwi. Miaka yote nimetumia Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ya bure, ipo tangu 2000, haina makuu. Ila piga picha ya uprodyuza na Audacity imefunguka nyuma yako uone watoto wa mtaa watakavyokusema. FL Studio nikaigusa, lakini toleo la majaribio unahifadhi kazi halafu hulifungui tena faili lako mpaka ulipie. Nikaangukia REAPER, nayo programu ya kazi hiyo hiyo. Faili jepesi, hata kifurushi changu cha intaneti hakikuguna. Siku 60 za bure, leseni ya wanyonge dola 60, na siku zikiisha inaendelea kufunguka, inakusuta tu kwa kidirisha. Tena aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule yule wa Winamp, ile programu ya kuchezea muziki. Mliokulia kwenye intaneti kafe mnaelewa kwa nini niliiamini kama mjomba.

Kazi ya kwanza: wimbo wa sendofu ya binti wa jirani. Shangazi mtu akasema ataimba mwenyewe. Akaingiza sauti. Ile sauti... basi. Nikapachika ReaTune, inakuja humo humo, iburute noti mpaka zinapopaswa kuwa, nikamwagia na mwangwi wa ukumbi mkubwa. Efekti ukishaiweka kwenye traki, chochote utakachorekodi kwenye traki hiyo kinapita humo. Hiyo sentensi itunzeni.

Shangazi alipoondoka nikataka kujaribu maiki. Nikabofya kule mbele kabisa, dakika mbili tatu baada ya wimbo kuisha, nisije nikamfuta, nikarekodi. Nilivyoijaribu mtasikia. Nikarudi mwanzo kumiksi, kule mbele kukabaki nje ya kioo, na akilini mwangu pia. Usiku wa manane, wakati wa kutoa wimbo, kidirisha kikauliza: mradi mzima, au kipande ulichochagua? Usingizi ukanijibia: mzima.

Ukumbini wimbo ulikubalika, msinifanyie roho mbaya. Shangazi alitunzwa noti hadi kwenye kilemba. Ukaisha, makofi, DJ akajiendea kwenye foleni ya pilau. Flashi ikabaki inasoma.

Kimya. MC akainua maiki aite wazazi.

Kikatoka kikohozi. Spika zote nne. Kikohozi kile nilikijua. Paja lilishafika mdomoni, likasimama hapo.

"Na tuzo ya prodyuza bora wa mwakaaa..."

Ni mimi. ReaTune inanipandisha, inanishusha, kila neno linaimba, na mwangwi unarudi kutoka nyuma ya mapazia.

"...inakwenda kwaaaa..." Nikajitaja jina. La ubatizo na la kisanii. Halafu, jamani, nikajipigia kelele za uwanja kwa mdomo: haaaa! haaaa! Nazo zikawekwa kwenye noti.

MC akageuka kunitazama, polepole, kiunoni kwanza ndipo shingo. Ukumbi ukamfuata.

"Asanteni. Kaeni, kaeni. Nilianza na godoro moja tu..."

Hapo meza ya akina mama wa kamati ikaangua. Paja likaanguka, nikaliinamia (ndiyo picha yenu hiyo), nikainuka kumkimbilia DJ, viti vya plastiki vimebanana, nasema samahani mama, nipishe baba, huku yule mimi wa kwenye spika anawashukuru mashabiki wa Bujumbura. "Na shangazi yangu, aliyeniamini, ingawa nusu ya hela bado anayo."

Nikasimama katikati ya njia. Kwenda siwezi, kurudi siwezi. Na nilijua kinachofuata.

"We mtoto! Hotuba kamalizie sebuleni, nipe godoro langu nilale!"

ReaTune haina heshima kwa wazazi. Ilimpa Mama noti iliyotulia kuliko zote za jioni ile, na ule mwangwi ukaishikilia.

DJ akachomoa flashi. Shangazi alinitumia hela iliyobaki kabla keki haijakatwa, bila ujumbe. Godoro limerudi kitandani. Na wale wa "ungebaki Audacity": kwa nilivyokuwa naitumia, nachagua kipande nakipaka efekti hicho tu, ni kweli, hotuba ingetoka kavu na ningesingizia redio imeingiliana. Haya, mmeshinda.

Wimbo wenyewe hakuna hata mmoja aliyeuomba. Inbox imejaa watu wanaotaka sauti ya Mama waiweke mlio wa simu. Nimemwambia. Ameuliza wanalipa shilingi ngapi.